Kumbikumbi wa Mama Mutale

Donat Mwila ni mtu wa mikate. Ukikaa mtaa wa Katuba na ukazoea kuamka mapema, umemsikia: kengele ya baiskeli mara tatu, kisha kikohozi, kisha sauti ya mama fulani akimwuliza kwa nini leo tena amechelewa. Amechelewa kwa sababu ya ndege. Au kwa sababu ya buibui. Siku moja alichelewa saa nzima kwa ajili ya ukungu uliolifunika lile bomba kubwa la moshi la mjini toka chini mpaka katikati, likabaki limesimama hewani bila miguu, na akina mama wa Katuba wakanywa chai kavu. Walimsema siku ile mpaka maneno yakawaishia.

Chini kabisa ya sanduku la mikate, ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa, hukaa kamera. Aliuziwa na Aristote, mpiga picha wa harusi mwenye studio ndogo karibu na soko, siku Aristote alipojipatia nyingine mpya. Watu walidhani Donat naye ataanza kupiga harusi, angalau apate cha kuongezea kwenye mikate. Wapi! Akaanza kupiga picha vitu ambavyo wenzake wanaviruka barabarani. Wanaume wanaosukuma makala, yaani mkaa, kutoka msituni, magunia manne juu ya baiskeli moja, wakipumzika kwa kuegemeza paji la uso kwenye gunia. Mama muuza uyoga akifuta udongo kwa kidole, polepole, kama anayemwosha mtoto uso. Tone la mvua kwenye jani la muhogo. Maua ya jakaranda yaliyomwagikia mgongo wa mbuzi, na mbuzi mwenyewe hana habari.

Hakuna aliyemfundisha. Baba yake alikuwa mtu wa reli, babu yake mtu wa reli, walishuka kutoka kaskazini kufuata kazi, na picha iliyokuwa nyumbani kwao ilikuwa moja tu, ya ndoa, imetundikwa juu kiasi kwamba hakuna aliyeitazama. Donat hutazama. Akikuta kitu, hushuka kwenye baiskeli taratibu, husema "Eh, Mungu" kwa sauti ya chini, na ndipo anatoa kamera. Mara nyingine husema "Eh, Mungu" halafu akasahau kuitoa. Mkewe, Wivine, anasema aliolewa na mtu mwenye akili timamu saa ishirini na mbili kwa siku, na hizo mbili zilizobaki ni za alfajiri.

Kule Luano alisimamishwa siku moja karibu na uzio wa uwanja wa ndege. Mlinzi alitaka kuona anachopiga, na ana haki, uwanja wa ndege si mahali pa mchezo. Donat akamfungulia kamera. Picha arobaini, zote za mwewe mmoja aliyekaa juu ya nguzo ya uzio. Mwewe anajikuna, mwewe anatazama kushoto, mwewe anatazama kulia. Mlinzi akazipitia zote arobaini, akamrudishia kamera, akamwuliza kwa huruma kama ana watoto.

Sasa, mtu huyu mwenye picha maelfu hakuwa na hata moja ya mama mkwe wake. Na hapo ndipo penye hadithi.

Mama Mutale, mamake Wivine, anakaa Kalebuka, pembezoni mwa mji, kwenye lupango lake mwenyewe, yaani kiwanja chenye nyumba na bustani ndogo ya muhogo. Ni mjane wa mfanyakazi wa reli aliyetoka upande wa Pweto, na nyumba yake inashika desturi. Wengi mjini wameziacha. Utawaona mkwe na mama mkwe wakicheka juu ya sahani moja, wala hakuna anayekufa. Kwa Mama Mutale, hapana. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hamshiki mkono. Hali chakula mbele yake. Akifika huchuchumaa mbali, hupiga makofi ya salamu, uso ameugeuzia ukuta, na maneno yao hupita kwa mtu wa tatu. Hiyo si chuki, ni heshima, na yeyote anayefikiri heshima ni kitu chepesi ajaribu kuibeba miaka kumi na moja.

Maana ilikuwa kumi na moja. Kwa kawaida desturi ile ina mwisho wake. Inakuja siku ya kumwingiza mkwe: wanawake wa upande wa mke wanapika, mama mkwe anampakulia mkwe kwa mkono wake, mkwe anakula mbele yake, anainua macho, basi, imekwisha, wamekuwa watu wa nyumba moja. Ila siku hiyo ilipaswa kuongozwa na shangazi mkubwa wa Wivine, Mama Mukuka wa Pweto. Kila masika Mama Mukuka alituma neno kwamba barabara imekatika. Kila kiangazi alituma neno kwamba samaki wanakaushwa sasa, nani ataacha samaki? Akaahidi mwaka ujao, na mwaka ujao, mpaka miaka miwili iliyopita akafariki, Mungu amrehemu, na ahadi akaenda nayo. Baada ya hapo kila mtu akabaki kumtazama mwenzake nani ataongoza.

Wazee waliotunga desturi hawakuijua kamera. Hakuna aliyemwambia Donat kwamba kamera nayo ni jicho. Aliamua mwenyewe, na Mama Mutale naye akaonyesha kwamba ameafiki. Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yao Nono, Donat aliwapanga wote mbele ya nyumba, mashangazi, wajomba, majirani, na alipoinua kamera, Mama Mutale akanyanyuka kimya kimya akaingia ndani. Kwenye picha kuna Nono na gauni lake jeupe, na pembeni yake kuna kiti kitupu. Ukizipekua picha za familia ile utakiona kiti hicho mara nyingi. Ubatizo, kiti. Mwaka mpya, kiti. Donat akifika kwenye picha hizo huzipitisha haraka.

Na pale uani kwa Mama Mutale, nyuma ya nyumba, kulikuwa na kichuguu.

Usifikirie vile vichuguu vya kufika magotini. Hiki kilipita paa la nyumba. Juu yake kulikuwa na mti, na kwenye mti kulikuwa na viota, na kuku walikuwa wakilala kwenye mabega yake. Kilikuwapo kabla ya lupango, kabla ya barabara, pengine kabla ya mji wenyewe. Mvua za Novemba zikishika, siku moja tu au mbili, alfajiri, kichuguu hufungua madirisha yake na kutoa kumbikumbi, ambao huku kwetu tunawaita nswa. Ni mboga ya heshima. Kila kichuguu kina mwenyewe, na nswa wa kichuguu cha mtu huwagusi, hata kikiwa porini.

Mama Mutale alikuwa fundi wa kuwakamata. Nswa hufuata mwanga. Basi wewe unakifunika kichuguu chote kwa majani ya mgomba na magunia, unaacha ufa mmoja mdogo, na chini ya ufa unachimba shimo, unatia chungu. Wanatoka gizani, wanaona ule mwanga mdogo, wanaukimbilia wote, wanateleza, wanaingia chunguni. Anayefunika vizuri haachi hata mmoja, na Mama Mutale alifunika vizuri. Aliwakausha, akawakaanga na chumvi, akampelekea padri, akawapa majirani, na kopo moja lenye kifuniko likaja kwa Donat kwa mkono wa Wivine, akala nyumbani kwake peke yake. Watamu ajabu. Lakini Donat hakutaka kuwala. Alitaka kuwaona wakiruka.

Aliwahi kuwaona mara moja, akiwa na umri wa miaka tisa. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Kilwa, ile ya kando ya ziwa, akampeleka huko likizo kwa bibi yake, na asubuhi moja mtoto alitoka nje akaona moshi mrefu unapanda kutoka kwenye kichuguu ambacho mwenyewe hakukifunika, unapanda moja kwa moja kwenda mbinguni, na haunuki. Akapiga yowe la moto. Bibi akatoka mbio na maji, akaona, akaketi chini kwa kucheka. Kisha jua likachomoza kutoka upande wa ziwa likapita katikati ya mabawa yale, maelfu kwa maelfu, na moshi ukawaka. Bibi mwenyewe aliacha kucheka. Donat anakumbuka kwamba alimshika bibi mkono.

Tangu hapo alikuwa akiitafuta ile asubuhi. Miaka minne mfululizo, tangu apate kamera, alijaribu kwa mama mkwe wake. Mwaka wa kwanza nswa walitoka yeye akiwa mbele ya tanuri. Uliofuata alifika na kukuta vyungu vimejaa na kuku wanaokota mabawa. Mara moja aliwahi kweli kweli, akapata picha nzuri sana ya magunia. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini Donat alikuwa amevumilia mpaka anaogopa zisije zikaoza.

Ndipo Adalbert, kaka mkubwa wa Wivine, dereva wa lori, akaja na shauri lake. Chumba cha nyuma cha mama kilikuwa kimeanguka masika yaliyopita, na ukuta wa pili unafuata. Udongo wa kichuguu ndio udongo wa matofali; hakuna ulio bora zaidi, na kile kilitosha nyumba nzima na choo pia. Mwezi wa tano, mvua zikikata, watu wa matofali watakuja na majembe. Mama Mutale akakubali. Ungefanya nini? Mtu hawezi kulala kwenye nswa. Hakuna aliyekosea hapo, na hilo ndilo lilimuuma Donat zaidi, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Kwa hiyo ilikuwa Novemba hii au basi tena.

Lakini utaombaje? Kumwambia mama mkwe aache kufunika kichuguu ni kumwambia amwage mboga ya mwaka mzima ili wewe ubonyeze kidude. Tena mboga ya mwisho. Donat alimwomba Wivine amwulize mama ishara tu, ajue siku yenyewe mapema, na akamkataza katakata kusema neno lingine lolote. Wivine akaitikia kwa kichwa. Akaenda Kalebuka, akauliza ishara, akapewa: wale mchwa wadogo wasio na mabawa wakianza kutoboa madirisha na kuyapaka udongo mbichi, na mvua ikanyesha usiku mzima pasipo upepo, basi kesho yake. Halafu akasema na hilo alilokatazwa: kwamba mumewe anatamani kuwapiga picha wakiruka. Wivine ni Wivine.

Mama yake alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya kupika. Akaendelea kuchambua. Mwishowe akauliza swali moja tu, la mtu anayejua mboga huliwa na ugali:

"Ile picha ya nswa, ataikula na bukari?"

Wivine alirudi na jibu hilo, na Donat aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akamwambia mkewe kwamba wameharibu, kwamba sasa mama atamwona ni mtu mwenye tamaa. Wivine akamwambia tamaa ni kitu kingine, akazima taa.

Ikaja wiki ya pili ya Novemba. Alhamisi, kabla hakujakucha, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha wima, bila upepo, simu ya Donat ililia akiwa anapanga mikate kwenye sanduku. Wivine alikuwa amelala kwa mama yake siku tatu hizo, akisingizia mafua.

"Mama anasema ni leo," alisema. "Kuya mbio."

Donat alimkabidhi mwenzake Précieux mikate yote ya Katuba, akamwonya juu ya mama wa nyumba ya kijani, akapanda baiskeli. Barabara ya Kalebuka ilikuwa tope. Alianguka mara mbili, na mara zote mbili aliinua kamera juu akaangukia kiwiko. Mbingu upande wa mashariki zilikuwa zimeanza kupauka, na mwewe watatu walikuwa tayari wanazunguka, maana mwewe hawahitaji kupigiwa simu.

Alifika. Akaona.

Kichuguu kilikuwa kimefunikwa chote, juu mpaka chini. Majani ya mgomba, magunia, chandarua kikuukuu, hata lile turubai la Adalbert la kufunikia mizigo. Hakijawahi kufunikwa vizuri hivyo. Ufa mmoja chini, na chungu shimoni. Mama Mutale alikuwa ameinama pale, mgongo kwake. Donat akachuchumaa mbali, nyuma ya mpapai, akapiga makofi ya salamu, akaugeuzia uso ukuta wa choo. Alisikia nswa chini ya magunia, mlio kama mafuta yanayoanza kuchemka, na tap, tap, wa kwanza wakiangukia chunguni. Akajikaza. Alijiambia kwamba mboga ni mboga, kwamba yeye ni mkwe na si mtoto wa miaka tisa, na kwamba atapiga picha ya chungu, maana chungu nacho ni kitu. Machozi yalimtoka hata hivyo. Mtu mzima, mwenye mke na mtoto, analia mbele ya ukuta wa choo.

Kisha akamsikia mama mkwe wake anasema. Hakusema naye, hilo lisingewezekana. Wivine alikuwa jikoni. Kwa kuwa mtu wa tatu hakuwapo, Mama Mutale alisema na kuku aliyesimama kati yao, kwa sauti kubwa, kana kwamba kuku ni kiziwi.

"Weye kuku. Mu mwezi wa tano bantu batakuya kuvunja hii nyumba ya nswa. Na hawa batoto ba mule ndani, tubapike bote? Nani atabakia wa kwenda kujenga ingine?"

Kuku akaendelea kudonoa. Donat alisikia turubai likiburutwa.

Akageuka. Hakufikiri, shingo ilikwenda yenyewe. Mama Mutale alikuwa anang'oa magunia kwa mikono yote miwili, anayatupa nyuma, gunia, jani, gunia, chandarua kikampasukia mkononi, na kutoka kwenye kila dirisha la kile kichuguu nswa wakaanza kumwagika kwenda juu. Mwanzoni walitambaa, wakajikusanya, wakasita. Kisha wakaruka wote kwa pamoja. Nguzo ikasimama pale uani. Ilipita mti, ikapita viota, ikapita mwewe waliokuwa wakizunguka, ikaendelea kupanda, na sauti yake haikuwa ya mafuta tena bali pumzi, pumzi moja ndefu ya kitu kilichokuwa kimekaa chini ya ardhi miaka yote hiyo kikingoja. Na jua likachomoza nyuma ya paa la jirani. Ee, ndugu zangu. Kila bawa likashika moto wake. Uani pote, kwenye muhogo, kwenye beseni la maji, kwenye mgongo wa kuku yule, mwanga ulikuwa unatikisika.

"Eh, Mungu," alisema Donat, na safari hii hakuisahau kamera.

Alipiga. Alipiga tena. Katika kutafuta kitako cha ile nguzo, pale inapotokea ardhini, lenzi ikamkuta Mama Mutale. Alikuwa amesimama ndani yake. Kilemba kilikuwa kimemwanguka, nywele zake zilikuwa nyeupe, jambo ambalo Donat hakulijua, na nswa walikuwa wakimpanda mikononi, shingoni, mashavuni, wakiruka kutoka kwake kana kwamba yeye ndiye kichuguu. Alikuwa ameinua uso. Mdomo wazi, macho wazi. Mwanamke aliyewakamata nswa miaka thelathini, na sasa ndiyo mara yake ya kwanza kuwaona wakienda.

Donat angeweza kushusha kamera. Anakiri mwenyewe kwamba muda ulikuwapo, sekunde nzima. Aliutazama uso wa mama mkwe wake, uso wenyewe, akabonyeza.

Halafu ndipo akajua alichofanya. Akageuka, akachukua baiskeli, akaondoka bila kuaga, na kuondoka bila kuaga ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Jumamosi alikwenda kwa Aristote. Aristote ana desturi ya kusemasema juu ya kila picha, weka hiki, ondoa kile, na anajua kazi yake. Hii aliitazama kwenye kompyuta, asiguse kitu. Akavuta kiti akakaa. Baadaye akasema kwamba amepiga harusi zaidi ya elfu moja na angezitoa zote kwa hii. Donat akamweleza kwamba haiwezekani, huyu ni mama mkwe. Aristote, ambaye hakosi dawa, akamkata Mama Mutale akamtoa, akaacha nguzo peke yake. Wakaitazama wote wawili. Walikuwa wadudu tu, wengi. Aristote akamrudisha bila kuambiwa.

Basi Donat akaomba nakala moja kwenye karatasi, kubwa, akaifunga ndani ya mfuko wa unga ulio safi, uso chini. Akanunua jogoo wa faini. Akampa Wivine vyote viwili pamoja na ujumbe: kwamba mkwe amekosa, kwamba nakala ni hii moja, hakuna aliyeiona isipokuwa Aristote, kwamba mama akitaka aichome, na akishaichoma, atume neno, na ile iliyo kwenye kamera itafutwa siku hiyo hiyo. Wivine alimwuliza kama kweli ataifuta. Alisema kweli. Alipokuwa akisema alishika kichwa kwa mikono miwili.

Siku zikapita nane. Jogoo alipokelewa, hilo lilijulikana, maana aliliwa. Juu ya picha, kimya. Donat aligawa mikate kwa wakati siku nane mfululizo, na akina mama wa Katuba wakaanza kuulizana kama ni mgonjwa. Alikuwa akipita kwenye maua, kwenye ukungu, kwenye watu wa makala, na hakushuka.

Jumapili, baada ya misa, neno likaja: aende Kalebuka, yeye na mkewe.

Kichuguu kilikuwa pale pale, kimya, madirisha yamezibwa. Donat akachuchumaa mahali pake nyuma ya mpapai, akapiga makofi, akaugeuzia uso ukuta wake. Akasikia kiti kinawekwa chini, karibu, karibu mno. Akasikia mtu anakikalia. Kisha mkono wa mtu mzima, wenye alama za kuungua na mafuta, ukapita pembeni ya bega lake ukaweka sahani mbele yake, chini ya ukuta. Nswa. Wachache, wa kukaanga, wale walioanguka chunguni kabla magunia hayajaondolewa. Kwa kichuguu kile hakukuwa na wengine na hawatakuwapo.

Hakukuwa na shangazi wa kuongoza, wala mtu wa tatu. Wivine alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Hata kuku hakuwapo.

"Papa Nono," alisema Mama Mutale, akimwita kwa jina la bintiye. "Geuka."

Donat hakuweza. Alisema baadaye kwamba shingo iliyogeuka yenyewe siku ile sasa ilikuwa mti. Mama Mutale akangoja. Alikuwa amengoja miaka kumi na moja, dakika haimpi shida.

"Miaka kumi na moja hauniangarie, na mu picha yako yote miye niko kiti ya bule, haina muntu," akasema. "Sasa niko mu moja. Geuka, uangarie kama inafanana."

Akageuka. Mama Mutale alikuwa ameketi kwenye kile kiti, kile kile cha kwenye picha, bila kilemba, ameishika picha kwa mikono miwili kando ya shavu lake, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Donat akaitazama picha, akamtazama yeye. Akaitazama tena. Kulikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto ambalo picha haikulikamata kwa sababu ya bawa. Paji lile la uso alikuwa akilibusu kila jioni kwa Nono, na hakujua limetoka wapi. Machoni bado kulikuwa na ile asubuhi.

"Inafanana, Mama," alisema Donat.

"Basi kula," akasema mama mkwe wake.

Akala mbele yake, mmoja mmoja, mpaka sahani ikaisha.